Mkubwa Anayekaa na Wadogo

Leo tunaongea juu ya kijana anayejitolea kuwasaidia wanafunzi wadogo katika masomo yao. Tumwite mlezi. Watu husema anawakuza watoto. Ni kweli, lakini yeye naye hana budi kukua.

Mnajua mambo yaliyotupata. Mwaka 2024 jamaa nyingi ziliteremka Minova kutoka Masisi zikikimbia vita. Tarehe 21 Januari 2025 vita vilifika hapa penyewe, M23 wakauteka mji, na wengi wakakimbia tena. Katika safari kama hizo mtoto hapotezi kaye na biki tu. Humpoteza mwalimu aliyemzoea, na pengine mkubwa aliyemwambia «nitarudi», asirudi.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ya mlezi ni kufika. Ukisema Jumamosi saa tisa, uwe pale saa tisa. Ukizuiwa, tuma neno mapema. Afadhali siku moja kwa juma, ukaishika mwaka mzima, kuliko siku tano halafu upotee. Ahadi ni deni, na mtoto wa vita amekwisha kudai wengi wasiomlipa.

Kazi ya pili ni kusikiliza. Chukua mfano wa mtoto wa darasa la nne anayeshindwa kugawanya. Mlezi mchanga hupandisha sauti na kurudia kanuni ile ile. Mlezi aliyekomaa huuliza kwanza: «Ukitoka shuleni unafanya kazi gani?» Kumbe mtoto anamsaidia mama yake kuuza sambaza. Basi mwambie: mafungu 24, wateja 6, kila mmoja apate sawa. Atajibu «manne» kabla hujamaliza kusema. Hesabu anaijua. Kilichomfunga ni Kifaransa cha ubaoni. Siku hiyo mlezi pia amefundishwa.

Kazi ya tatu ni kukubali kutojua. Mtoto akikuuliza jambo lisilo kichwani mwako, sema: «Sijui, nitamuuliza mwalimu, nitakujibu Jumamosi.» Kisha ujibu kweli. Ukidanganya ili kulinda heshima, utaipoteza heshima pamoja na mtoto.

Kazi ya nne ndiyo nzito kwetu: kutopendelea. Ukiona wenyeji wamekaa upande mmoja na waliokimbia upande wa pili, wachanganye. Mwenye kaye akae na mwenye biki, wafanye zoezi moja. Usikubali mtoto aitwe «mkimbizi» kana kwamba ndilo jina alilopewa na wazazi. Tangu vita vya 1996, neno «kadogo» lilipokuwa jina la mtoto aliyebeba bunduki, tumeona jinsi wenye silaha wanavyomtafuta kijana asiye na mtu wa kumuita kwa jina lake. Saa moja ya masomo haimalizi vita. Lakini mtoto anayengojewa mahali fulani kila Jumamosi, akikosekana, kuna mtu atakayeuliza.

Sasa jambo lisilofichwa. Mwezi wa Novemba 2012, askari wa jeshi la taifa waliokuwa wakirudi nyuma kutoka Goma waliwabaka wanawake na wasichana wengi hapa Minova. Mzazi anayeogopa kumtuma binti yake ana sababu. Kwa hiyo mlezi asifundishe ndani ya nyumba iliyofungwa, wala asibaki peke yake na mtoto. Akae barazani, chini ya mti au darasani mlango ukiwa wazi, na mama mmoja awe karibu. Asiombe zawadi, asitume mtoto kazi za nyumbani kwake. Mlezi mwema hachukizwi na kanuni hizi, kwa sababu zinamlinda yeye pia.

Mtu atasema: «Mimi si mwalimu, niliacha shule njiani.» Mwaka 1970, Rais Julius Nyerere wa Tanzania aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Kisiwa cha Ukerewe, ndani ya ziwa Victoria, kilikuwa kati ya mahali pa kwanza kupigana na ujinga wa kutosoma. Wengi waliofundisha katika kampeni ile hawakuwa walimu wa kazi. Walijua kusoma, wakawapa wengine walichokuwa nacho.

Nanyi wakubwa wa kijiji, wa kartie na wa kambi, msaada wenu ni mdogo lakini unahitajiwa. Toeni mahali. Wajueni walezi kwa majina, na muwaulize wazazi habari zao. Msiwageuze kuwa watu wa chama au wa kabila. Wazazi, mwachilieni binti saa moja asiende kuchota maji, kama mnavyomwachilia kaka yake.

Utajuaje kwamba umekomaa katika kazi hii? Siku utakapochelewa kidogo, ukute mtoto uliyemfundisha mwaka jana amekwisha kuketi na mdogo wake, anamwonyesha mafungu ya sambaza. Usimwondoe. Kaa pembeni, usikilize. Mkono mmoja haulei mwana.

Kaeni na amani.