Sanduku Linaloimba na Sanduku Bubu

Wajukuu zangu, mmewahi kuiona ile besi kubwa ya kusimama, inayompita mpigaji kimo? Kwenye taarabu ya Culture Musical Club kule Zanzibar utaiona pamoja na fidla, ikitembeza zile noti nene zinazobeba wimbo. Taabu yake ni kwamba vyombo vingine vikichanganya na watu wakianza kushangilia, yenyewe humezwa.

Basi miaka ya 1940, huko Marekani, alikuwapo mpiga besi aitwaye Everett Hull aliyechoka kumezwa. Akabuni maikrofoni ya kukaa ndani ya besi, imeshikwa na ule mguu wa chini unaogusa sakafu. Kampuni yake, Ampeg, ikaanza kutengeneza amplifaya za besi, na mwaka 1960 Jess Oliver akawaundia B-15: spika moja ya inchi 15, na amplifaya inayopinduliwa kichwa chini ikaingia ndani ya kasha wakati wa safari.

Mtaniuliza, kasha la nini? Spika si ingepiga hivihivi?

Haiwezi. Ngozi ya spika ikisukuma hewa ya mbele, papo hapo inavuta ya nyuma. Uzi mnene wa besi hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake lina urefu wa zaidi ya mita 8. Wimbi refu hivyo huzunguka ukingo wa spika bila taabu. La nyuma likikutana na la mbele yanafutana. Utaiona spika inahangaika, sauti nene huisikii. Kasha ndilo linalowaamulia hao wawili.

Yapo makasha yaliyozibwa kabisa, na yapo yenye tundu au bomba. Puliza mdomoni mwa chupa ya soda: hewa ya ndani hutoa noti yake moja. Bomba la kasha hufanya vivyo hivyo, huisaidia spika kwenye noti za chini. Kwa gitaa la besi mimi sina neno. Ila besi ya kusimama nayo ni sanduku lenye hewa, na linasikia! Spika ikinguruma, tumbo la besi hutetemeka, maikrofoni hudaka, spika huzidisha, na ukumbi mzima unavuma. Ndiyo maana mimi huchagua kasha lililozibwa, la spika ya inchi 10 au 12. Halivumi sana, lakini kila noti husikika ilipoanza na ilipoishia.

Ukilijenga, tumia plaiwudi nene ya milimita 18 na mbao za kukaza kwa ndani. Uso wa besi ni mwembamba kwa sababu lazima uimbe. Kasha hatulitaki liimbe. Ligonge kwa kifundo cha kidole: likijibu kwa mlio mrefu, ongeza mbao. Kila kiungo kipakwe gundi hewa isivuje. Kisha ibonyeze ngozi ya spika polepole kwa ncha za vidole, uiachie. Ikirudi taratibu, kasha limeziba vizuri. Ikiruka mara moja, tafuta upenyo, na anzia kwenye tundu la waya.

Jukwaani liweke mbali na kona ya ukuta, maana kona huongeza mngurumo, na usiielekeze spika kwenye uso wa besi. Bado inavuma? Wapigaji wengine huziba yale matundu mawili ya kifuani mwa besi kwa sponji.