"Mimi Nilituma Tu": Amri ya Nane na Malezi ya Wanafunzi Katika Matumizi ya Teknolojia

Utangulizi

Miaka michache iliyopita niliitwa kuketi katika kikao cha nidhamu cha shule moja ya sekondari. Wakati wa likizo ujumbe ulikuwa umeenea katika makundi ya WhatsApp ya wanafunzi na wazazi, ukidai kwamba mwalimu mmoja amekula fedha za mitihani. Uliambatana na picha ya stakabadhi ya benki. Uchunguzi ulionyesha kwamba stakabadhi ile ilikuwa ya shule nyingine na ya mwaka mwingine. Lakini mwalimu alikuwa amekwisha kuomba uhamisho, na mke wake alikuwa ameacha kwaya kwa aibu. Wanafunzi walipoulizwa, walijibu mmoja baada ya mwingine: "Mimi sikuandika, nilituma tu."

Jibu hilo halijaniondoka moyoni, kwa maana baadhi ya vijana wale niliwafundisha Kipaimara mimi mwenyewe. Amri ya nane waliijua kwa moyo. Kilichokosekana ni kwamba hakuna aliyewahi kuwaonyesha jinsi amri hiyo inavyotimizwa mtu akiwa na simu mkononi. Makala hii inakusudia kueleza kwamba ustadi wa teknolojia na uwajibikaji si masomo mawili. Mtu asiyejua kupima habari hawezi kumtendea jirani yake haki, hata akitaka.

Kanisa na mtambo wa chapa

Sisi Walutheri hatuna budi kuanza na historia yetu. Hoja 95 za mwaka 1517 zilienea Ujerumani katika muda mfupi kwa sababu mitambo ya kupiga chapa ilikuwapo. Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 iliingia katika nyumba za watu kwa njia hiyo hiyo. Lakini mwaka 1543 mitambo hiyo ilichapa pia maandishi ya Luther dhidi ya Wayahudi, yaliyorudia uvumi na masingizio juu ya jirani. Maandishi hayo yaliendelea kutumika kwa uovu karne nyingi baada ya kifo chake. Mwaka 1994 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani liliyakataa hadharani. Basi chombo kimoja kilibeba Injili na kikabeba uongo, na mwandishi alikuwa mmoja.

Luther mwenyewe aliwahi kutupa mwongozo mwema. Katika waraka wake wa mwaka 1524 kwa madiwani wa miji ya Ujerumani aliwahimiza waanzishe shule za wavulana na wasichana, na pia maktaba. Hata hivyo aliwaonya wasirundike vitabu ovyo, bali wachague vilivyo bora. Alitambua kwamba wingi wa maandishi pasipo uwezo wa kuchagua si elimu. Mwanafunzi wa leo anabeba maktaba kubwa kuliko zote katika mfuko wa sare yake, tena isiyo na mtunza maktaba.

Anayepitisha ni shahidi

Katekisimo hufafanua amri ya nane kwa pande mbili: inatukataza kumsingizia na kumchafua jirani, tena inatuagiza kumtetea na kuyafasiri mambo yake kwa wema. Anayepitisha ujumbe anauongezea uzito wa jina lake. Mama anayeupokea kutoka kwa mwanawe hauamini kwa sababu ya mwandishi asiyemjua, bali kwa sababu ya mwanawe. Kwa hiyo kutuma ni kushuhudia.

Nchini Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtia hatiani anayechapisha habari akijua kuwa ni ya uongo, kwa nia ya kukashifu au kupotosha. Amri ya Mungu inakwenda mbali zaidi. Inamgusa pia yule asiyejua kwa sababu hakujali kujua.

Mambo manne ya kufundisha

Kwanza, kupima habari. Watu wa Beroya walisifiwa kwa sababu waliyachunguza hata maneno ya mtume (Mdo. 17:11). Mwanafunzi azoee kuuliza: Nani aliyesema kwanza? Lini? Je, picha hii ni ya tukio hili? Kuna chombo kingine kinachosema hivyo? Je, mhusika ameulizwa? Afundishwe pia kusoma alama. Katika WhatsApp mishale miwili juu ya ujumbe huonyesha kwamba umekwisha kupitishwa mara nyingi. Tangu mwaka 2020 ujumbe wa namna hiyo hauwezi kupelekwa zaidi ya mahali pamoja kwa mara moja. Wenye chombo wenyewe waliona haja ya kuupunguzia mwendo.

Pili, kutunza siri, yake na ya wengine. Neno la siri na namba za uthibitisho hazitolewi kwa mtu, hata ajitambulishe kuwa mhudumu wa kampuni ya simu. Picha ya mwenzake haipelekwi bila ridhaa yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatukumbusha kwamba habari za mtu ni mali yenye mwenyewe.

Tatu, kujua kwamba kufuta si kusahaulisha. Anayefuta ujumbe hafuti nakala iliyokwisha kupigwa picha katika simu ya mwingine. Yakobo alipoufananisha ulimi na moto mdogo uchomao msitu (Yak. 3:5), alieleza jambo ambalo kijana wa leo anaweza kuliona kwa macho.

Nne, unyofu katika kutumia akili mnemba. Programu hizi hupanga maneno kwa kufuata mifano ya maandiko mengi zilizofunzwa nayo, hazishuhudii ukweli. Ndiyo sababu huweza kutaja kitabu kisichokuwapo, kwa lugha safi kabisa. Nimewahi kusahihisha ufafanuzi wa Zaburi uliojaa marejeo ya namna hiyo, na mwandishi wake alikuwa mtu anayejiandaa kupanda mimbarani. Programu iruhusiwe kusaidia, lakini mwanafunzi aseme ilipomsaidia, na kila rejeo alifungue mwenyewe.

Mahali pa kufundishia

Shule nyingi za sekondari nchini zinakataza simu, na sababu zao zina uzito. Lakini tuone matokeo yake: kijana anakutana na simu wakati wa likizo tu, asipokuwa na mwalimu. Katazo linamlinda muhula mzima, kisha linamwacha peke yake lango linapofunguliwa.

Ukosefu wa kompyuta usiwe udhuru. Kipindi cha dini na darasa la Kipaimara vinatosha kuanzia. Mwalimu aandike ubaoni ujumbe mmoja uliowahi kuenea, akiondoa majina, kisha awaulize wanafunzi yale maswali matano. Wanafunzi wanaojifunza kuuchambua kwa chaki watauchambua na kwa simu. Nasi wachungaji tutangulie kwa mfano, kwa kuwa makundi ya usharika nayo hupokea uvumi, na mara nyingine anayeuleta ni mtumishi.

Hitimisho

Katika kikao kile wanafunzi walipewa adhabu. Niliomba liongezwe jambo moja: kila mmoja aandike masahihisho na kuyapeleka katika kila kundi alikopeleka uongo. Kazi hiyo iliwachukua juma zima, na wengine walikiri kwamba hawakumbuki tena walikotuma. Hapo ndipo walipoanza kuelewa. Mwalimu yule hakurudi. Yatupasa kuwafundisha wengine mapema kuliko tulivyowafundisha hao.