Cheka, lakini jua R imeenda wapi

Makanga wa Wote akisema "ingia ngali, mbesa utalipa mbele", wasee kutoka Nairobi huangua kicheko. Wachekeshaji nao wameichuma sana lafudhi hii. Mkitui akifika chuo, wiki ya kwanza tu anajifunza kunyamaza darasani.

Sasa sikiliza vizuri. Huyo makanga hakosei ovyo. Kikamba hakina R, kwa hiyo L inashika nafasi yake. Hakina P. B, D na G hazisimami peke yake: hutanguliwa na M au N, ama B inalainika ikawa karibu na V. Ndiyo maana Kikamba kilipochukua maneno ya Kiswahili, duka likawa nduka, gari likawa ngali, pesa zikawa mbesa, barua ikawa valua. Kanuni ni zilezile, na wala si za jana. Karne ya 19 misafara ya Wakamba ilikuwa ikishusha pembe za ndovu hadi Mombasa, kwa hiyo lugha hizi mbili zimejuana kabla ya reli kupita Makindu na Kibwezi.

Tena kuna hili ambalo wanaocheka hawaambiwi. Tarehe 3 Desemba 1849, mmishonari Ludwig Krapf aliuona mlima wenye theluji akiwa Kitui, kwa mwenyeji wake Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa huko. Wakikuyu huuita Kirinyaga. Mkamba anaidondosha R, anaidondosha na G, anabaki na Kiinyaa. Krapf akaandika Kenia. Jina la nchi nzima, jamani, limepitia mdomo usio na R!

Matamshi ndiyo yanayochekwa, ila sarufi inabadilika kimyakimya na hakuna anayeshtuka. Pwani mtoto mdogo ni kitoto, wakiwa wengi ni vitoto. Kikamba kinasema kana, twana. Basi Kitui na Makueni utasikia katoto na tutoto, kagari na tugari. Wakikuyu nao wana ka- na tu-, ndiyo maana hata Nairobi kila mtu anasema "nipe kachai" bila kuchekwa na yeyote.

Kwenye insha ya KCSE andika kitoto, usijiponze. Sokoni Wote, omba tu tunyanya twako, utapimiwa.