Banyani Naye Alisali: Siku Moja na Watoto Kisiwani Chole

Akina mama wanaoishi Mafia, na wale wanaokwenda huko kwa likizo, huuliza: Jumamosi tuwapeleke watoto wapi? Ufuko upo, lakini mtoto akishaogelea siku tatu hutaka kuona jambo jipya. Liko jibu lisilohitaji fedha nyingi. Vukeni mpaka Chole, mkaone magofu ya hekalu la Wahindu.

Baadhi yetu hushtuka tukisikia hivyo. Je, ni vema kumpeleka mtoto wa Kikristo mahali walipoabudu watu wa dini nyingine? Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu. Kwanza tuitazame safari yenyewe.

Kuvuka bahari

Kutoka Kilindoni hadi Utende ni kilomita zipatazo 15. Hapo ndipo lilipo lango la Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini. Wageni hulipa kiingilio, basi beba akiba ya fedha. Kisha mtapanda mashua. Chole haiko mbali. Ukisimama ufukoni unaiona.

Ulizia mapema saa za maji kujaa na kupwa. Maji yakipwa mtatembea kwenye tope kuifikia mashua, kwa hiyo kila mtoto avae viatu vya plastiki. Kikapuni weka maji ya kunywa, chapati, mihogo ya kuchemsha na kofia za jua. Wenyeji wa Chole wengi wao ni Waislamu. Jitande kanga yako vizuri, wasalimu wazee, na kama ni mwezi wa Ramadhani msile njiani.

Kisiwani hakuna magari, hivyo watoto watatembea kwa raha. Waonyeshe popo wakubwa wanaolala mchana huku wananing'inia mitini. Popo wa aina hiyo hupatikana pia visiwa vya Komoro.

Mji uliohama

Chole ya leo ni kijiji kitulivu, lakini zamani ilikuwa mji. Mwanzoni mwa karne ya 19 mji wa Kua, katika kisiwa jirani cha Juani, uliangamizwa na wavamizi Wasakalava kutoka Madagaska. Baadaye Chole ikawa mahali pakuu. Wajerumani walipoitwaa Mafia mwaka 1890, nao waliweka serikali yao Chole. Lakini meli kubwa zilihitaji maji ya kina, na mwaka 1913 makao ya serikali yakahamishiwa Kilindoni. Miaka miwili baadaye, Januari 1915, Waingereza waliiteka Mafia. Chole haikurudia tena ukuu wake.

Katika siku zile za neema walikuwapo wafanyabiashara wa Kihindu, ambao watu wa pwani huwaita Mabanyani. Walitoka pande za Kachi na Gujarati, wakija na upepo wa kaskazi na kurudi na kusi. Waliuza nguo, walinunua mazao, walikopesha wenye mashamba. Nao walijenga hekalu. Leo mizizi ya mti wa jamii ya mkuyu imezikumbatia kuta zake kama mikono. Ni ajabu, maana Wahindu huiheshimu miti ya jamii hiyo, na mmoja wapo Wazungu waliuita mti wa Mabanyani, kwa sababu waliwakuta wafanyabiashara hao wakikaa kivulini mwake.

Maswali ya watoto

Jiandae, kwa maana watoto watauliza. "Mama, waliokuwa wakisali hapa wamekwenda wapi?" "Mbona hakuna makaburi yao?" Mweleze kwamba Wahindu huchoma miili ya wafu wao, hawaiziki. Mweleze pia kwamba biashara ilipohama, watu nao walihama, na hekalu lisilo na watu huanguka hata bila adui.

Watoto wetu hujifunza mapema methali isemayo, "Banyani mbaya, kiatu chake dawa." Humjua Mhindi wa dukani tu, mwenye mizani na daftari la madeni. Hapa Chole wamwone kwa upande mwingine. Katika karne ya 19 wengi wa wafanyabiashara hao waliwaacha wake zao India, kwa kuwa desturi za dini yao zilikataza kuvuka bahari, hasa kwa wanawake. Mama uliyewahi kukaa miezi mingi bila mumeo unajua maana yake. Aliyeingia mlango huu jioni, viatu vyake ameviacha nje, huenda aliwaombea watoto ambao hakuwaona wakijifunza kutembea.

Tusiwafiche ukweli mwingine. Fedha za mikopo ziliendesha pia mashamba yaliyolimwa na watumwa, na utumwa ulikomeshwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu. Mtu anaweza kusali na bado akawa na deni kwa jirani yake. Hilo linatuhusu na sisi.

Je, ni vibaya kwenda?

Kuangalia si kuabudu. Mtume Paulo alitembea Athene akazitazama madhabahu za wenyeji kabla ya kusema nao. Mtoto aliyefundishwa imani yake nyumbani hatapotezwa na kuta zilizovunjika. Linaloweza kumdhuru ni maneno yetu ya dharau. Ukisema, "Hawa walikuwa washenzi," atayabeba maneno hayo hadi darasani, ambako deski lake linaweza kuwa kando ya mtoto wa Kihindu au wa Kiislamu. Ukisema, "Sisi hatuabudu hivi, lakini hawa walikuwa watu wenye familia kama sisi," umempa imani na adabu kwa pamoja.

Basi mkifika, wakataze watoto kupanda kuta, kwani zimechakaa na zinaweza kuanguka. Wasiandike majina yao, wasichukue hata jiwe. Kaeni kivulini, mle chakula chenu mbali kidogo na magofu, mkusanye takataka zenu. Kisha waulize watoto swali moja: kama sisi tungehama leo, tungependa wageni walitendeje kanisa letu? Waacheni wajibu wenyewe, na muwahi mashua kabla maji hayajapwa.