Je, Wajua? Kuna Mabwawa Yasiyo na Maji

Machi 1913, mto Great Miami katika jimbo la Ohio, Marekani, ulivunja kingo zake na kuuzamisha mji wa Dayton. Zaidi ya watu 360 walikufa bondeni. Wakazi wa Dayton wakachanga zaidi ya dola milioni 2, na mhandisi Arthur Morgan akasimamia ujenzi wa mabwawa matano ya udongo, yaliyokamilika mwaka 1922.

Ajabu yake ni kwamba siku za kawaida hayahifadhi maji. Chini ya kila ukuta kuna matundu ya zege yaliyo wazi daima. Hakuna lango la kufunga, wala mtu wa kuamshwa usiku wa manane kulifunga. Mto hujipitia zake. Ukifurika, tundu hupitisha kiasi tu ambacho mkondo wa chini unaweza kukibeba. Yanayozidi hujikusanya nyuma ya ukuta, yakafunika mashamba, kisha hushuka taratibu kwa siku kadhaa. Hata maji yanayochomoka tunduni kwa kasi hushushwa kwenye ngazi za zege, yajipige yenyewe na kuishiwa nguvu kabla hayajachimba msingi. Ni ubunifu wa kupendeza mno!