Dopamini si furaha: kinachopimwa watu wanapoulizwa kuhusu maisha yao

Furaha hupimwa mara nyingi kwa swali la ngazi. Mhojiwa huambiwa aiwazie ngazi yenye vidato kuanzia 0 hadi 10: juu kabisa ni maisha bora kupita yote anayoweza kujiwazia, chini kabisa ni mabaya kupita yote. Kisha huulizwa yeye amesimama kidato gani. Ngazi hiyo ilibuniwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Hadley Cantril, aliyeitangaza mwaka 1965, na ndiyo msingi wa Ripoti ya Furaha Duniani inayotolewa tangu 2012. Katika ripoti ya 2017 Tanzania ilishika nafasi ya 153 kati ya nchi 155, na Burundi, jirani wa Mkoa wa Kigoma, ya 154.

Kila ripoti ikitoka, huzuka madai mawili, na yote ni potofu. La kwanza ni kwamba Watanzania ni watu wenye huzuni. Ngazi haiulizi kama mtu alicheka jana. Humtaka ayapime maisha yake yote kwa jumla. Mama anayeanika dagaa Kibirizi, Kigoma, anaweza kutaniana na wenzake asubuhi nzima, halafu akajiweka kidato cha 3 kwa kuwa paa linavuja na sare za watoto hazijanunuliwa. Hajajipinga, maana ameulizwa jambo jingine. Dai la pili hupendwa na wapita njia wenye kamera: kwamba maskini wa Afrika wana furaha kuliko matajiri wa Ulaya. Majibu ya ngazi yanasema kinyume, mwaka baada ya mwaka. Finland, nchi tajiri ambayo watu wake wanaaminiana, inaongoza tangu 2018.

Kutenganisha hisia ya sasa na thamani ya maisha mazima ni kazi ya wanafalsafa wa kale. Epikuro aliiona furaha kama utulivu wa moyo na mwili usio na maumivu. Aristotle alikataa kuifunga kwenye hisia: kwake ilikuwa kuishi maisha mazima kwa wema na uwezo, na siku moja nzuri haitoshi kumfanya mtu awe nayo. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika kwa Kiajemi kitabu kizima kuhusu kimiya ya saada, yaani alkemia ya furaha, akianza na mtu kuijua nafsi yake. Mji kama Ujiji wa Kigoma, uliolelewa na Uislamu na Kiswahili, umebeba tofauti hiyo katika maneno ya kila siku. Mtu husema ana raha, au amefurahi. Hakuna asemaye “ninahisi heri”. Heri huombewa, hutakiwa mwenzio anapoondoka au mwaka unapoanza, kwa sababu ni hali ya maisha. Raha ni ya Epikuro, heri ni ya Aristotle, na swali la ngazi liko karibu zaidi na heri.

Kosa linalosambaa kuliko yote sasa ni la kuiita dopamini, kemikali ya ubongo, “homoni ya furaha”. Inachofanya kweli kilionekana katika maabara ya mwanasayansi wa ubongo Wolfram Schultz. Nyani walidondoshewa maji ya matunda mdomoni huku seli zao za dopamini zikisikilizwa. Mwanzoni seli zililipuka kwa shughuli maji yalipofika. Nyani walipokwisha kujifunza kwamba taa hutangulia maji, seli zikawa zinalipuka taa inapowaka. Maji yenyewe yalipofika, zilikaa kimya. Taa ikiwaka na maji yasije, shughuli yake ilishuka wakati uleule ambao maji yalipaswa kufika. Kinachopimwa na seli hizo, basi, ni tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana. Mwaka 2003 maabara hiyo iliongeza jambo la kushangaza zaidi: kati ya ishara na zawadi, seli hupandisha shughuli zake polepole, na hupanda zaidi pale nafasi ya kupata na kukosa inapolingana.

Mvuvi wa dagaa analijua jambo hili mwilini. Usiku wa giza taa zimewaka juu ya maji, wavu unaanza kupandishwa, kamba inakuwa nzito mikononi, na moyo unaruka kabla dagaa hata mmoja hajaonekana. Wavu ukitoka na kiasi kilekile cha jana, msisimko umeshapita. Ukitoka mtupu, mwili mzima unalegea. Siku za mbalamwezi, taa zinapokosa nguvu ya kuwavuta dagaa, mvuvi hatarajii kitu na hapatwi na mlegeo huo. Anakaa ufukweni akishona nyavu. Wenye biashara ya kubeti wamejenga mitambo yao juu ya hali hiyohiyo ya nusu kupata, nusu kukosa, na kijana anayejaza mikeka ya kubeti usiku kucha hatafuti raha. Anasukumwa na matarajio.

Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan alilithibitisha hilo kwa panya walioondolewa karibu dopamini yote. Hawakutafuta chakula, na wangekufa njaa bila kulishwa. Lakini walipowekewa sukari ulimini, walilamba midomo kama panya wengine. Hamu ilikuwa imekufa, utamu ulikuwepo. Kwa hiyo anayeuza chupa ya “kuongeza dopamini” stendi anauza uongo mara mbili: dopamini si furaha, na ikimezwa haivuki kutoka damuni kuingia ubongoni. Serotonini ya kwenye ndizi, kemikali nyingine inayohusishwa na furaha, nayo haivuki. Ndizi ziliwe kwa kuwa ni chakula.

Tukirudi kwenye maisha kwa jumla, fedha hubadilisha hali, ingawa si kama inavyodhaniwa. Huko Rarieda, magharibi mwa Kenya, kaya maskini zilizopewa fedha bila masharti kati ya 2011 na 2013 ziliridhika zaidi na maisha, na msongo ukapungua. Majirani waliokosa, kijiji kilipotajirika, waliridhika kidogo kuliko awali. Watu huzoea mengi, mazuri kwa mabaya, lakini si yote: uchunguzi uliofuatilia Wajerumani zaidi ya 24,000 kwa miaka 15, uliotolewa mwaka 2004, ulionyesha kuwa waliopoteza kazi hawakurudi kikamilifu pale walipokuwa, hata baada ya kuajiriwa tena. Mhamasishaji anayemwambia asiye na kazi kwamba shida yake ni fikra hasi anamwongezea jeraha.

Umri nao una mkono wake. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2012, walezi wa sokwe na orangutani 508 wa bustani za wanyama na vituo vya utafiti waliwapima wanyama wao kwa maswali kuhusu hali zao. Ustawi ulishuka hadi umri wa makamo, kisha ukapanda tena, kama inavyoonekana kwa binadamu wa nchi nyingi. Sokwe wa Hifadhi ya Gombe, Kigoma, hawakuwemo, ila Gombe ina ushahidi wake kuhusu huzuni: sokwe jike Flo alipokufa mwaka 1972, mwanawe Flint, mwenye miaka minane na nusu, alijitenga, akaacha kula, akafa kabla ya mwezi kwisha. Huzuni yake haikuwa ukosefu wa imani, na hakuna aliyesema ana majini, kama husemwa kwa watu.

Yanayosaidia ni machache: usingizi, kutembea, watu wa kuaminiana nao, kazi yenye maana. Huzuni au kukosa hamu kunakoendelea kila siku kwa wiki mbili na kuharibu usingizi, kula au kazi ni dalili ya ugonjwa wa sonona. Kituo cha afya ndicho cha kuanzia, na kwa walio Kigoma rufaa huweza kufika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni. Anayewaza kujiua asisubiri wiki hizo mbili. Ushauri wa kitaalamu hutibu wengi. Dawa za sonona kama fluoxetine huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake, na haziachwi ghafla bila daktari kujua.