Nauli nayo ni tiba: pesa taslimu na uhai wa watoto mashambani

WAGONJWA wengi wanaofika katika kliniki yangu hapa mjini huwa na ugonjwa mmoja ambao sina dawa yake: watu wa nyumbani. Mwisho wa mwezi pesa zimetumwa, na kabla ya wiki mbili kwisha simu inalia tena. Bwana mmoja aliniuliza majuzi, huku nikimpima shinikizo la damu, kama kumpa mtu wa mashambani pesa mkononi, badala ya kumnunulia unga au kumlipia dawa mwenyewe, si kumharibu tu. Nilimwambia asubiri ukurasa huu, kwa maana swali lake ni la afya kuliko vile alivyodhani.

Nilipokuwa daktari kijana nilifanya kazi kwa muda katika hospitali moja ya Nyanza Kusini. Baadhi ya wagonjwa wetu walitoka vijiji vya Asumbi, ile misheni kongwe ya Kikatoliki iliyo kati ya Rongo na mji wa Homa Bay. Siku moja bibi mmoja alimleta mjukuu wake wa miaka kama miwili, yatima, akiwa na malaria ya siku nne. Viganja vya mtoto vilikuwa vyeupe kama karatasi na alikuwa akihema kwa kasi. Nilimfokea yule bibi. Nilimwuliza alikuwa wapi siku zote hizo. Akanijibu bila hasira, "Mwanangu, nilikuwa nangoja siku ya soko niuze kuku."

Mtoto yule hakufika jioni.

Vimelea vya malaria huvunja chembechembe nyekundu za damu, na kwa mtoto mdogo damu inaweza kupungua hadi kiwango cha hatari kwa siku mbili au tatu tu. Dawa tulikuwa nayo. Damu ya kumwongezea tungeweza kuitafuta. Kilichokosekana ni nauli, na ilikosekana siku ya Jumatatu ilhali soko lilikuwa Alhamisi. Katika miaka yote ya chuo sikumbuki mwalimu hata mmoja aliyetufundisha kumwuliza mgonjwa siku ya soko kwao ni lini.

YALIYOONEKANA SIAYA

Ng'ambo ya Ghuba ya Winam, katika Kaunti ya Siaya, jambo hili limepimwa kwa makini. Kati ya mwaka wa 2014 na 2017 shirika la GiveDirectly liligawa pesa katika eneo lenye vijiji 653. Vijiji vya kupewa vilichaguliwa kwa kura, vingine vikaachwa ili viwe vya kulinganishia. Familia zaidi ya 10,000 zenye nyumba za kuezekwa kwa nyasi zilipata shilingi 87,000 kila moja kwa njia ya simu: kwanza 7,000, kisha 40,000, na baada ya miezi kadhaa 40,000 nyingine. Hakuna aliyeambiwa azitumie kwa nini. Hakuna aliyelazimishwa kwenda kliniki wala kuhudhuria mafunzo.

Baadaye watafiti, miongoni mwao Edward Miguel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambaye jina lake linajulikana huku kwetu tangu ule uchunguzi wa dawa za minyoo katika shule za Busia, walirudi kuhesabu waliozaliwa na waliokufa. Matokeo yalitolewa mwaka wa 2025. Katika familia zilizopewa pesa, vifo vya watoto wasiotimiza mwaka mmoja vilipungua kwa asilimia 48, na vya walio chini ya miaka mitano kwa asilimia 45. Nilisoma tarakimu hizo mara mbili. Chanjo nzuri hujisifu kwa kiasi hicho.

Pesa ziliingiaje katika mwili wa mtoto? Sehemu kubwa ya vifo vilivyoepukwa ilikuwa ya siku za kuzaliwa na wiki chache zinazofuata. Wakati huo mtoto hufa kwa kukosa hewa anapozaliwa, kwa kuzaliwa kabla ya wakati, au kwa maambukizi, na mara nyingi huokolewa na mkunga mwenye ujuzi aliye kando ya kitanda. Akina mama waliopata pesa walijifungulia hospitalini zaidi, ongezeko la asilimia 45. Isitoshe, walipunguza kazi nzito katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito na miezi ya kwanza ya kunyonyesha. Yeyote aliyemwona mwanamke wa miezi minane akipanda kilima na mtungi wa lita 20 kichwani, halafu akaingia shambani na jembe, ataelewa mapumziko hayo yana thamani gani. Chakula nacho kiliongezeka nyumbani.

Kuna msomaji atakayesema ada ya kujifungua katika hospitali za umma ilifutwa Juni 2013. Ni kweli ilifutwa wakati huo. Lakini uchungu hauna saa. Ukianza saa nane za usiku, mwenye bodaboda atataka bei ya usiku. Kuna beseni, pamba, kanga, sabuni, na chakula cha mtu wa kumsindikiza, na kuna watoto wengine wa kuachiwa jirani ambaye naye hataki kuachiwa mikono mitupu. Mama akijumlisha hayo yote huamua kumwita mkunga wa kijijini, na mara tisa kati ya kumi hakuna neno. Ile ya kumi ndiyo inayotuletea sisi madaktari kesi saa ya kufa.

Hata hivyo, mambo mawili ya utafiti huo yasifichwe. Kwanza, faida kubwa ilikuwa kwa familia zinazokaa karibu na kituo chenye daktari, mwendo wa kama nusu saa. Mahali pasipo na daktari pesa haziwezi kumnunua. Pili, pesa zilipokwisha, vifo vilielekea kurudi kama zamani. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba umaskini umetibiwa kwa sindano moja.

NA POMBE JE?

Hofu ya yule bwana wa shinikizo la damu ilikuwa chang'aa. Hofu hiyo ilichunguzwa Rarieda, huko huko Siaya, mwaka wa 2011 na 2012. Familia zilipewa shilingi 25,200, na baadhi zikaongezewa 70,000. Matumizi ya pombe na tumbaku hayakupanda. Waliongeza chakula, wakanunua mifugo, wakaezeka mabati. Watafiti walipima pia kotisoli katika mate, ile homoni ambayo mwili huitoa mtu anapokuwa na mfadhaiko. Kwa wastani haikubadilika, lakini ilikuwa chini pale ambapo pesa zilipewa mke badala ya mume, na pale zilipotolewa kwa mkupuo badala ya vijisehemu vya kila mwezi. Mimi nadhani sababu ya hili la pili ni rahisi: pesa kidogo kidogo huliwa, pesa za pamoja huondoa jambo moja lililokuwa likimnyima mtu usingizi.

Lakini pesa kidogo za kila mwezi nazo zina kazi yake, na ushahidi wake unatoka Homa Bay na Migori kwenyewe. Serikali ilianza mwaka wa 2004 kuwapa fedha walezi wa mayatima. Kati ya 2007 na 2009 mpango huo ulichunguzwa katika wilaya saba, zikiwemo Homa Bay, Migori, Suba na Kisumu, wakati malipo yalikuwa shilingi 1,500 kwa mwezi. Vijana wa nyumba hizo walipohojiwa miaka kadhaa baadaye, uwezekano wa kuwa wameanza ngono ulikuwa chini kwa takriban asilimia 31 wakilinganishwa na vijana wa nyumba zilizokosa. Mimba za mapema nazo zilipungua. Katika kaunti ambayo mwaka wa 2018 ilipatikana kuwa na virusi vya ukimwi kwa asilimia 19.6 ya watu wazima, hilo si jambo dogo. Msichana mwenye sare, sodo na chakula cha jioni hana sababu ya kupokea chipsi na usafiri kutoka kwa mtu mzima.

Siku hizi malipo ya Inua Jamii ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na mara nyingi yamekuwa yakichelewa. Kwa bibi kama yule wa Asumbi, kuchelewa ni ugonjwa wa aina yake, kwa kuwa duka lilikwisha mkopesha kwa ahadi ya pesa hizo.

WALIOKATAA

Mwaka wa 2015 GiveDirectly iliingia Kaunti ya Homa Bay ikakutana na ajabu. Kwingineko ni wachache sana waliokataa pesa. Hapa karibu nusu ya waliostahili walikataa, asilimia 45. Ilivuma kwamba fedha hizo ni za kuabudu shetani na kwamba mpokeaji atalipa kwa roho ya mtoto. Waliokuwapo mwaka wa 1994, Serikali ilipounda tume chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima kuchunguza ibada za shetani, hawatashangaa kwamba maneno ya namna hiyo yana mizizi.

Watu wa mjini walicheka. Mimi sikucheka, maana nimewaona wagonjwa wakikataa chanjo kwa sababu zile zile: mgeni, kitu cha bure, na hakuna aliyewaeleza kwa nini. Nyanza imepitiwa na miradi mingi iliyoahidi na kuondoka. Mtu aliyekwisha danganywa ana haki ya kuuliza bei ya bure ni ngapi. Ninachohuzunikia ni kwamba katika nyumba zilizokataa kulikuwa na wajawazito.

Sasa nimjibu yule bwana, na wewe mpenzi msomaji unayetuma pesa nyumbani. Kama una dada, mke au shemeji mwenye mimba kijijini, usigawanye msaada wako sawasawa miezi yote tisa. Weka fungu kubwa kwenye mwezi wa nane, na ulitume katika simu yake mwenyewe. Mwambie atafute sasa hivi mwenye bodaboda anayekubali kuamshwa usiku, wapatane bei mapema, na namba yake iandikwe ukutani.

Azitumie pesa hizo papo hapo, bila kungoja ruhusa yako, akiona damu, akiumwa kichwa sana huku uso au mikono ikivimba, akiona ukungu machoni, maji yakivunjika kabla ya uchungu, au mtoto akiacha kucheza tumboni. Baada ya kujifungua, mtoto anayekataa kunyonya, anayehema haraka, aliye baridi au mwenye homa apelekwe siku hiyo hiyo, hata kama siku ya soko ni kesho.